Kila nikipima mkojo naambiwa UTI, sasa majibu yamesema dawa karibu zote hazifanyi kazi na nina mimba ya miezi mitano

BARUA

Shikamoo mama mkunga. Naomba nisaidie na naomba usitaje jina langu maana ukweni wanasoma sana hii safu.

Mimi nina miaka 27 naishi Mbagala na mume wangu, mama mkwe na wifi yangu mmoja. Nina mimba ya wiki 22 kwa hesabu ya kliniki. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilifika miezi saba, nikaamka usiku nimelowa nikajua ni mkojo kumbe chupa imepasuka, kesho yake nikajifungua mtoto wa kiume, akaishi siku tatu. Niliambiwa tu "maambukizi" na mi sikuwa na nguvu ya kuuliza zaidi.

Sasa hii mimba tangu ikiwa changa nikipima naambiwa UTI. Mara ya kwanza zahanati ya mtaani wakanipa amoksilini nikapata nafuu ikarudi. Nikaenda duka la dawa, kaka wa pale akaniuliza unaumwa nini nikamwambia mkojo unachoma, akanikatia vidonge vya sipro vya siku tatu kwa sababu hela niliyokuwa nayo ndo ilitosha hapo, hakuniuliza kama nina mimba na tumbo lilikuwa bado halijatoka. Baadae hospitali moja ya binafsi wakasema UTI imepanda sana, nikachomwa sindano za seftriaksoni siku tano. Nikakaa vizuri kama wiki mbili hivi alafu mkojo ukaanza tena kuchoma, nakwenda chooni kila saa na kinatoka kidogo tu, usiku ndo usiseme. Homa sina, mgongo hauumi zaidi ya uchovu wa mimba.

Wiki iliyopita daktari kliniki akasema sasa tuoteshe mkojo maabara, tuone ni wadudu gani na dawa gani inawaua. Majibu ndo yaliyonimaliza nguvu. Karatasi imeandika bakteria wanaitwa E. coli, zaidi ya laki moja, alafu kuna orodha ya dawa na mbele ya kila moja kuna herufi. Ampisilini R, septrini R, sipro R, seftriaksoni R. Zenye S ziko tatu tu, nitrofurantoini, jentamaisini na meropenemu. Daktari alikuwa na foleni kubwa, akaniandikia nitrofurantoini ya siku saba akasema wadudu wako ni sugu, hii umalize, basi, akaita mwingine. Nafika kununua dada wa dukani ananiambia mbona hii kali kwa mjamzito, nikafungua kile kikaratasi cha ndani nikakuta kweli kuna onyo la wajawazito. Nimeinunua ila sijaimeza, leo siku ya pili.

Mama mkwe anasema niachane na madawa ninywe madafu na niwe najisafisha ndani na maji ya majani fulani. Wifi ana kapsuli zake za rangi mbili zilibaki anasema zilimponyesha, nimeze hizo. Na mume wangu kaanza maneno, UTI gani haiishi, eti kazini wenzake wamemwambia hiyo ni ya kuletewa kutoka nje, na mi sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu mama.

Nauliza, mwili wangu ndo umeshazoea dawa kiasi hicho? Hii dawa itamdhuru mtoto? Na ile sipro niliyokunywa mimba ikiwa changa je? Na hii UTI ndo ilimuua mwanangu wa kwanza? Silali mama.

Mama mtarajiwa, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa mtoto wako, na pole kwa kubebeshwa yote haya ukiwa mjamzito. Ntajibu yote ila naanza na lile lisilosubiri, maana unasoma hapa na dozi iko kwenye mkoba.

Anza kumeza hiyo dawa leo. Kabla ya kidonge cha kwanza jiulize vitu vitatu, umewahi kupata mzio wa dawa hiyo, umewahi kuambiwa una tatizo la figo, umewahi kuambiwa wewe au ndugu zako wa damu mna upungufu wa G6PD, ule ambao mtu akinywa dawa fulani damu inavunjika na mkojo unatoka mweusi kama kokakola. Kama hata kimoja ni ndiyo, usimeze, mpigie daktari au rudi kliniki kesho asubuhi ubadilishiwe. Kama vyote ni hapana, kula kwanza ndo umeze, ukimeza na tumbo tupu kichefuchefu kitakutesa. Meza kwa masaa aliyoandika daktari hadi kidonge cha mwisho hata kama siku ya tatu hausikii tena kuchoma. Mkojo utabadilika uwe wa njano iliyokolea sana au wa kahawia, usishtuke, ni rangi ya dawa inapotoka. Na kama una kiungulia, maana mimba ya miezi mitano kiungulia hakikosi, usimeze vile vidonge vya magnesiamu pamoja nayo, vinazuia isiingie vizuri mwilini. Ukitoka vipele au kifua kikabana ukashindwa kupumua vizuri, acha na uende hospitali.

Lile onyo uliloliona kwenye kikaratasi ni la kweli na dada wa dukani hakukosea kuuliza, ila halikuhusu wewe wa wiki 22. Nitrofurantoini inaogopwa mwisho wa mimba, kuanzia kama wiki ya 38 mpaka kujifungua, kwa sababu chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga bado ni dhaifu na dawa inaweza kuzivunja akapata manjano na upungufu wa damu. Miezi mitatu ya mwanzo pia madaktari wengi wakiwa na dawa nyingine ya kuchagua wanachagua hiyo nyingine. Katikati hapo ulipo inatumika, imetumika kwa wajawazito miaka mingi sana. Tena kwenye ile karatasi yako ndo iliyo rahisi kuliko zote tatu zenye S (S ni dawa inayowaua bakteria wako, R ni ile ambayo ni sugu kwake), ya kumeza, unakaa nyumbani kwako. Jentamaisini ni sindano na lazima iangaliwe isidhuru masikio na figo, meropenemu ni ya dripu na ni ya kuwekewa akiba mtu akizidiwa. Daktari wako alichagua vizuri, tatizo ni foleni ilimnyima dakika mbili za kukueleza.

Sasa shika hili kuliko lolote nitakaloandika hapa. Nitrofurantoini inafanya kazi kwenye mkojo ulio kwenye kibofu tu, haifiki vizuri kwenye nyama ya figo. Kwa hiyo ukipata homa, ukatetemeka baridi, ukasikia maumivu ubavuni chini ya mbavu (mara nyingi wajawazito yanakaa upande wa kulia), au ukatapika mpaka dawa haikai, usisubiri dozi iishe na usisubiri asubuhi. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo, na ile karatasi ya kuotesha mkononi, kwa sababu hapo unahitaji dawa ya mshipani na kulazwa. Na wakikupokea na homa wakupime na malaria pia, kwa Dar es Salaam hii homa ya mjamzito haiitwi UTI mpaka malaria imetolewa.

Kwa nini namkazia hivi mjamzito na si mtu mwingine? Mimba inalegeza ile mirija miwili inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, na mfuko wa uzazi ukikua unaikandamiza, mkojo unatuama badala ya kushuka, bakteria wanapata mahali pa kukaa na njia ya kupanda juu. Mwanamke asiye na mimba anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote na akaachwa bila dawa. Mjamzito haachwi hata kama hachomwi na chochote, kwa sababu kwenye tafiti za zamani, wakati ambapo hawakuwa wanatibiwa, kati ya wajawazito 100 wenye bakteria kwenye mkojo 20 mpaka 35 walikuja kupata maambukizi ya figo. Na figo ikishaambukizwa kwenye mimba, mama anaweza kupata sumu kwenye damu na uchungu ukaanza kabla ya wakati. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito wa namna hiyo apewe antibayotiki siku saba. Umeona, saba. Vidonge vya siku tatu alivyokukatia yule kaka havikuwa matibabu, na ninaposema hivi sikulaumu wewe, uliuziwa kilichotosha hela yako na mtu ambaye hakukuuliza swali la kwanza ambalo mwanamke yeyote wa umri wako anatakiwa kuulizwa kabla ya kupewa dawa.

Umeuliza kama mwili wako umezoea dawa. Hapana, na hili watu wengi sana wanalichanganya mpaka wanamuona mgonjwa ndo mwenye kasoro. Mwili wako hauna usugu wowote, wenye usugu ni hao bakteria. E. coli wanaishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu, wangu na wako na wa mumeo, na akipata mazingira mazuri mmoja anajigawa kuwa wawili kama kila dakika ishirini. Ukimeza antibayotiki inaua walio dhaifu kwenye mkojo na kwenye utumbo pia, wanaobaki ni wale wenye ujanja, wapo wenye kimeng'enya cha kuikata dawa ya jamii ya penisilini isifanye kazi, wapo wenye kuisukuma dawa nje, na huo ujanja wanagawana, bakteria anampa mwenzie kipande cha vinasaba hata kama si ukoo mmoja. Ni kama shamba lililopaliliwa nusu, magugu yaliyobaki ndo yanayotoa mbegu za msimu ujao. Ukaja na amoksilini, sipro kidogo, alafu seftriaksoni, kila raundi imechuja na kuacha wagumu zaidi.

Ila na hili ulijue, inawezekana kabisa ulikuwa nao hao sugu kabla hujameza hata kidonge kimoja. Wanapita kwenye maji, kwenye chakula, kwenye mikono, wodini, kuku wa kisasa tunaowala wengi wamefugwa kwa antibayotiki. Mtu asiyewahi kuumwa anaweza kuwabeba. Kwa hiyo ukilala leo usilale ukijihesabia makosa.

Sasa naomba niseme la moyoni kuhusu hizi "UTI" zetu, na wanaonisoma wengine wasikilize maana naona barua za namna hii kila wiki. Hapa kwetu mjamzito akiingia mlangoni na uchovu, UTI. Tumbo linavuta, UTI. Kichwa, UTI na taifodi juu. Anakojoa kwenye kikopo bila maelekezo yoyote, mtu anaangalia kwenye hadubini anaona seli za usaha chache, anaandika UTI, anaandika antibayotiki. Mimba yenyewe inaongeza ute ukeni, na ute una hizo hizo seli nyeupe, zikidondokea kwenye kikopo zinaonekana kama ugonjwa. Kuna utafiti mkubwa unaitwa HATUA uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, walichukua watu zaidi ya 7,500 waliokwenda hospitali na dalili za UTI kabisa, wakaotesha mikojo yao, na walioonekana kuwa nayo kweli maabara ni kama 35 tu kwa kila 100. Na kwenye wale E. coli walioota, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa kwa pamoja. Weka hayo mawili pamoja uone tunachofanya, wengi wanapewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na wenye nao kweli wanapewa dawa isiyoua. Inaniuma sana hii kwa sababu wajawazito ndo wanaopimwa mkojo mara nyingi kuliko watu wote, kwa hiyo ndo wanaomezeshwa sana.

Simaanishi mjamzito anayechomwa na mkojo akae bila dawa kusubiri majibu ya siku tatu. Daktari anaweza kukuanzishia dawa siku hiyo hiyo na akaibadilisha majibu yakitoka, hiyo ni sahihi. Ninachosema ni kwamba mkojo wa kuotesha uchukuliwe KABLA ya kidonge cha kwanza, na UTI ikirudi mara ya pili kwenye mimba moja asikubali mtu kuandikiwa dawa ya kubahatisha tena. Kama zahanati yako haioteshi waombe rufaa, hospitali za mikoa na za rufaa nyingi wanaotesha.

Na mkojo wenyewe una namna yake ya kuchukua, fanya hivi siku ya kurudia. Nawa mikono. Jisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, sio Dettol, sio sabuni ya unga, maji tu yanatosha. Panua mashavu ya uke kwa vidole vya mkono mmoja na usiachie. Kojoa kidogo chooni kwanza, huo wa mwanzo unasafisha njia, alafu bila kukata ingiza kikopo kichukue wa katikati, toa kikopo, malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko kwa ndani. Kikopo kiwe walichokupa maabara, sio chupa ya dawa ya kikohozi uliyoisuuza. Upeleke dirishani hapo hapo, ukikaa kwenye joto la Dar masaa mawili bakteria wachache wanakuwa wengi na majibu yanadanganya. Mkojo wa namna hiyo ukitoa zaidi ya laki moja ya mdudu mmoja kama wako ulivyotoa, na dalili unazo, hapo hatubishani, ni UTI ya kweli.

Kuhusu sipro ya mimba changa. Tunaikwepa kwa wajawazito kwa sababu kwa wanyama wachanga iliharibu gegedu za viungo, lakini kwa binadamu waliomeza siku chache bila kujua, tafiti hazijaonyesha watoto kuzaliwa na kasoro zaidi ya wengine. Mwambie nesi aandike kwenye kadi yako, ukipiga ultrasaundi wamwangalie mtoto kama kawaida, na usiimeze tena, mambo yameishia hapo.

Kapsuli za wifi usiguse. Sijui ni nini na wewe hujui ni nini. Kama ni za jamii ya ampisilini, karatasi yako imeshasema R, utakuwa unawalisha tu. Kama ni doksi au tetra, hizo kwa mjamzito kuanzia miezi mitano ndo zinaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto, meno yanakuja kutoka na madoa. Na zilimponyesha yeye ugonjwa wake na bakteria wake.

Madafu kunywa, ni maji mazuri, yanakujaza mkojo na kukojoa mara nyingi kunasaidia. Mwambie mama mkwe ahsante, kunywa mbele yake, na umeze dawa mbele yake pia. Lakini kujisafisha ndani kwa maji ya majani hapana kabisa, na wale wanaoweka kitunguu swaumu nao hapana. Ukeni kuna bakteria wa kwao wazuri wanaoleta tindikali inayozuia wengine, ukiwafua unafungua mlango, na kwa mtu ambaye chupa ilishapasuka mapema mara moja sitaki hata mzaha. Kama mama mkwe atakasirika mwambie mkunga kakataza, hasira aniletee mimi.

Naomba hii sehemu mpe mumeo asome. Shemeji, E. coli hawa wanatoka kwenye utumbo wa mkeo mwenyewe. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, na kutoka haja kubwa mpaka pale ni padogo mno, bakteria wanatembea wenyewe, na tendo la ndoa na mume wake halali linaweza kuwasogeza pia. Bikira wanapata, watoto wadogo wanapata, bibi zetu wanapata. Haiwi ushahidi wa kitu chochote. Imekuwa haiishi kwa sababu alikuwa anapewa dawa isiyowaua, na karatasi ya maabara inaonyesha herufi kwa herufi. Magonjwa ya zinaa yapo na yana vipimo vyake, kama kuna uchafu wenye harufu au vidonda mnapimwa wote wawili na kutibiwa wote wawili, ila hilo ni jambo jingine. Unachoweza kumsaidia ni nauli ya kwenda kurudia kipimo na kumuacha alale. Na wewe mwanangu, baada ya tendo nenda ukojoe, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na usibane mkojo kwa kuogopa choo cha kushea, watu wanasema UTI inatoka kwenye choo wanabana kutwa nzima, kubana ndo kunakotuamisha mkojo.

Kuhusu mwanao wa kwanza. Bakteria wakipanda, iwe wametokea kwenye mkojo au ukeni, wanaweza kufika kwenye ngozi ya ile chupa, mwili unapigana nao, na katika kupigana ngozi inadhoofika na mfuko unaanza kubana, chupa inapasuka kabla ya siku zake. Hiyo ni moja ya sababu kubwa. Lakini chupa hupasuka mapema kwa sababu nyingine pia, na mara nyingi sababu haipatikani. Na mtoto wa miezi saba anaweza kuondoka kwa mapafu machanga bila mdudu yeyote. Waliposema maambukizi huenda walikuwa na kipimo mkononi, huenda walikuwa wanakisia, na leo hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia. Sitakudanganya nikuambie ni UTI, wala nikuambie siyo. Ninachokijua ni kwamba wakati ule hukuwa na karatasi na safari hii unayo.

Kwa sababu ya historia hiyo, wewe si wa kliniki ya kawaida ya kupimwa uzito na kurudi. Ukienda waambie waziwazi, mimba iliyopita chupa ilipasuka miezi saba, waandike kwenye kadi kwa wino unaoonekana. Chagua kuanzia sasa hospitali yenye wodi ya watoto njiti, usiache mpaka siku ya uchungu. Wiki moja baada ya kumaliza dozi rudia kuotesha hata kama umepona, alafu waombe waurudie tena mara kwa mara mpaka ujifungue, maana aliyepata mara moja anaweza kupata tena. Karatasi ya kuotesha ikija kuandika bakteria wanaoitwa streptokokasi wa kundi B, hata wachache, wakukumbuke siku ya uchungu kwa antibayotiki ya mshipani ili mtoto asiwapokee njiani.

Ukilowa, hata kidogo, hata ukiwa huna uhakika kama ni mkojo, vaa pedi safi nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiingize kidole kuangalia na usikubali kila anayepita kukupima kwa vidole. Nakuambia kwa sababu kuna vitu vinafanyika ukifika mapema, kuna antibayotiki ya kurefusha siku na kumkinga mtoto, mara nyingi ni erithromaisini, na kati ya wiki ya 24 na 34, kama daktari hajaona dalili za maambukizi kwako, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ambazo zinahitaji muda kabla hajatoka. Mtoto wa wiki 29 aliyepata sindano hizo akawekwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi ana nafasi nzuri kuliko aliyekuja ghafla. Na mtoto akizaliwa na dalili za maambukizi, waonyeshe karatasi yako, kwa sababu wachanga wengi huanzishiwa ampisilini na jentamaisini, na wakijua mama alikuwa na E. coli sugu kwa ampisilini na seftriaksoni watafikiria mapema dawa ya kumpa badala ya kusubiri siku mbili kuona kama atapata nafuu.

Kwa hiyo hiyo karatasi ipige picha sasa hivi, iweke kwenye simu yako na ya mumeo, na nakala ibane ndani ya kadi ya kliniki. Kula, meza kidonge, na ukishaotesha tena niandikie majibu herufi kwa herufi kama ulivyofanya safari hii.